Kinyago cha babu: Takataka za stoo au mali ya ukoo?

*Kabla familia haijagawa, haijauza wala haijatupa kazi ya sanaa iliyoachwa na wazee, yapo maswali machache ya kujiuliza. Kutoyauliza kumewagharimu wengine mabilioni.*

Mwaka 2021, mume na mke wazee nchini Ufaransa walikuwa wakiondoa vitu katika nyumba yao ya pili, kusini mwa nchi hiyo. Kama ilivyo kwa nyumba nyingi za wazee, stoo ilijaa vitu ambavyo hakuna aliyevigusa kwa miaka mingi. Mfanyabiashara wa vitu vilivyotumika akaitwa, akachagua alivyovitaka. Miongoni mwavyo kilikuwamo kinyago cha mbao kutoka Afrika. Alikilipia euro 150, takriban Sh400,000, akaondoka nacho.

Machi 2022, kinyago hichohicho kiliuzwa kwenye mnada mjini Montpellier kwa euro milioni 4.2. Kwa viwango vya wakati ule hizo ni zaidi ya Sh10 bilioni.

Kumbe kilikuwa kinyago cha Ngil cha Wafang wa Gabon, aina ambayo imebaki michache sana duniani. Babu wa yule mume alikuwa afisa mkubwa wa utawala wa kikoloni wa Ufaransa katika Afrika ya Kati, na ndiye aliyerudi nacho mwanzoni mwa karne ya 20. Wajukuu walikirithi pamoja na vitu vingine vya babu, wasijue ni nini.

Wazee hao walizipata habari za mnada kwa kusoma gazeti. Wakaenda mahakamani wakitaka mauzo yao ya awali yabatilishwe. Desemba 2023, mahakama ya mji wa Alès ilitupilia mbali madai yao. Hoja ya mahakama ilikuwa fupi na chungu: wauzaji hawakufanya jitihada za kutosha kujua thamani ya kihistoria na kisanaa ya kitu walichokuwa wakikiuza. Serikali ya Gabon nayo, iliyojiunga na kesi ikitaka kinyago kirudi nyumbani, haikufanikiwa katika hukumu hiyo.

Mnunuzi alifanya nini ambacho wauzaji hawakukifanya? Hakuwa na uchawi. Kabla ya mnada, kinyago kilipelekwa kwa wataalamu, umri wa mbao ukapimwa maabara, na historia ya babu ikafuatiliwa mpaka ikajulikana kilitoka wapi na lini. Kwa maneno mengine, maswali yaliulizwa baada ya kuuza badala ya kabla.

Nyumba za kwetu nazo zina stoo

Ni rahisi kusema hayo ni mambo ya Ulaya. Lakini katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Mtwara, Unguja na Mombasa, vitu vya namna hiyo vipo. Kuna kinyago cha mpingo ambacho kimezuia mlango usijifunge tangu watoto wakiwa wadogo. Kuna picha ya tembo yenye rangi kali ambayo marehemu baba aliinunua Oysterbay enzi za ujana wake. Kuna sanduku la njumu la bibi, kiti cha enzi kilichokatika mguu, na fremu ya mlango wa nakshi iliyoegeshwa uani baada ya nyumba ya zamani kubomolewa.

Arobaini ikishapita, familia inakaa kitako kugawana alivyoviacha marehemu. Kiwanja kinapimwa, nyumba inathaminiwa, gari na samani vinaorodheshwa. Vitu vya sanaa havitajwi. Anayependa anachukua, kinachobaki anapewa mlinzi, au anauziwa mnunuzi wa vitu chakavu anayepita mtaani.

Kisheria msimamizi wa mirathi anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali za marehemu. Kazi ya sanaa yenye thamani ni mali kama mali nyingine. Ikija kujulikana miaka miwili baadaye kwamba kile kilichochukuliwa na ndugu mmoja "kwa ukumbusho tu" kiliuzwa kwa mamilioni, undugu unaingia doa.

Hata hivyo, ukweli usemwe mapema ili watu wasijipe matumaini hewa: vinyago na picha nyingi zilizomo majumbani zilitengenezwa kwa ajili ya kuuzwa kwa watalii na wapambaji wa nyumba, na bei zake ni za kawaida. Si kila kilichozeeka ni lulu. Kazi ya familia ni kuchuja, na kuchuja kunaanza na maswali ambayo hayahitaji fedha.

Nani alikitengeneza?

Hili ndilo swali la kwanza katika soko la sanaa, na mfano mzuri ni picha za Tingatinga.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alifanya vibarua vya aina nyingi kabla ya kuanza kuchora picha za kuuza jijini Dar es Salaam mwaka 1968. Alitumia rangi za mafuta za kawaida, kama zile za kupakia baiskeli, kwenye vipande vya hadibodi vya mraba, na picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu.

Kutoka 1968 hadi 1972 ni muda mfupi mno. Maana yake ni kwamba picha alizozichora kwa mkono wake mwenyewe haziwezi kuwa nyingi, na ndizo zinazotafutwa na wakusanyaji wa Ulaya, Japani na kwingineko. Lakini baada yake walikuja ndugu na wanafunzi wake, akiwamo January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia na Simon Mpata, kisha wanafunzi wa wanafunzi, na mwaka 1990 chama chao cha ushirika kikaundwa. Leo "Tingatinga" ni jina la mtindo mzima, na mamia ya wachoraji wamepita humo.

Kwa hiyo mtu anaposema, "nyumbani tuna Tingatinga," hajasema lolote kuhusu bei. Swali ni: imechorwa na nani, na lini? Picha ya mwanafunzi wa kizazi cha kwanza, iliyochorwa miaka ya 1970, inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko nyingine mia zilizochorwa mwaka jana, hata kama za mwaka jana zina mng'ao zaidi.

Sahihi inasaidia, lakini haitoshi. Jina kubwa huvutia waigizaji, na zipo picha zilizoandikwa "E.S. Tingatinga" ambazo yeye hakuzigusa. Mahali pa kuanzia ni nyuma ya picha. Kazi za mwanzo zilichorwa kwenye bodi. Vitambaa vya kanvasi vilishamiri baadaye, kwa sababu mtalia angeweza kuvikunja na kuvitia kwenye begi. Picha yenye jina la mwasisi iliyochorwa kwenye kitambaa kipya cheupe inapaswa kutiliwa shaka mara moja.

Hali ni hiyohiyo kwa George Lilanga, Mmakonde aliyepata umaarufu kupitia Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam na kufariki mwaka 2005. Kazi zake zimeonyeshwa katika mabara mengi. Lakini katika miaka yake ya mwisho, alipokuwa akiugua, wasaidizi walifanya kazi nyingi katika karakana yake. Mnunuzi makini atauliza kazi ni ya mwaka gani, na aliyeiuza mara ya kwanza alikuwa nani.

Ni halisi au ni nakala?

Nchini Nigeria, picha ya binti wa kifalme iitwayo "Tutu", iliyochorwa na Ben Enwonwu, ilijulikana sana kiasi kwamba nakala zake za kuchapwa zilitundikwa katika nyumba nyingi. Moja ya picha halisi, ya mwaka 1974, haikujulikana iliko kwa miongo kadhaa. Mwishoni mwa mwaka 2017 ikabainika kuwa ilikuwa katika nyumba ya kawaida kaskazini mwa London, na mwaka uliofuata iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.2. Waliokuwa nayo hawakuwa wametambua uzito wake.

Tukio hilo lina pande mbili. Familia moja ilikuwa na hazina bila kujua, na maelfu ya familia zilikuwa na picha ileile isiyo na thamani kubwa sokoni. Sura ya picha ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa ni mkono wa mchoraji.

Kutofautisha si kazi ngumu kwa hatua ya kwanza. Kioo cha kukuzia, hata kile cha kusomea magazeti, kinatosha. Picha iliyochapwa na mashine mara nyingi huonyesha vidoti vidogo vidogo vilivyopangana kwa mpangilio. Picha ya rangi iliyochorwa kwa mkono huonyesha njia ya brashi, rangi iliyopanda juu ya rangi nyingine, na mahali pengine vinundu vinavyoonekana picha ikiinamishwa upande kwenye mwanga wa dirisha.

Kimetengenezwa kwa nini, na kwa ajili ya nani?

Kwa upande wa vinyago, mambo mawili huchanganywa sana: mti wenyewe na matumizi ya kinyago.

Mpingo ni mti mzito kupita miti mingi. Kiini chake kikavu huzama majini. Weusi wake umo ndani ya mti, na pembeni huwa na ganda la rangi ya manjano iliyofifia ambalo wachongaji wengi huliacha kidogo lionekane. Kinyago kinachodaiwa kuwa cha mpingo lakini ni chepesi mkononi, na kikisuguliwa taratibu kwa kitambaa cheupe kikavu kinaacha weusi, kimepakwa rangi au dawa ya viatu. Jaribio hilo lifanyike chini ya kitako, mahali pasipoonekana. Hakuna haja ya kukikwangua kwa kisu wala kukitumbukiza kwenye ndoo ya maji.

Lakini hapa ndipo wengi wanapokosea: wanadhani mpingo ndio kipimo cha thamani, na kinyago cha mti mwepesi ni cha kutupa. Kwa Wamakonde ni kinyume kabisa. Mapiko, vinyago vinavyovaliwa kichwani wakati wa ngoma za jando na unyago, huchongwa kwa mti laini na mwepesi kwa sababu mtu anatakiwa kucheza akiwa amekivaa. Baadhi hubandikwa nywele halisi za binadamu na kupambwa kwa nta kuonyesha chale za usoni. Kinyago cha uso kilichochongwa kwa mpingo mzito hakikuwahi kuchezewa ngoma. Kilichongwa kwa ajili ya ukuta.

Kwa hiyo lipiko chakavu, chenye nywele zilizonyonyoka, kilichokwaruzika ndani na kuchukua rangi ya jasho, ambacho watoto wanakiona kinatisha na kinanuka moshi, kinaweza kuwa kitu adimu kuliko vinyago vyote vinavyong'aa sebuleni.

Hiyo haina maana kwamba kazi za mpingo za kuuza hazina hadhi. Mtindo wa "shetani" unahusishwa na mchongaji Samaki Likankoa katika miaka ya 1950, na ule wa watu waliobebana, ambao baadaye uliitwa "ujamaa", unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Hawa walibuni; waliofuata waliiga. Kazi ya zamani ya mbunifu, au ya mchongaji ambaye jina lake linajulikana, haiwekwi kapu moja na zinazochongwa kwa oda ya mia mia.

Kilifikaje nyumbani?

Wataalamu huiita historia ya umiliki, na mara nyingi ndiyo inayoamua kama kitu ni cha laki moja au cha milioni mia. Nani alikinunua, wapi, mwaka gani, kwa nani, na kuna ushahidi gani? Risiti ya zamani, barua, maandishi ya penseli nyuma ya fremu, au picha ya harusi ya mwaka 1974 inayoonyesha kinyago kikiwa mezani nyuma ya maharusi, vyote ni ushahidi.

Mwaka 1939 na tena mwaka 1945, mchoraji wa Afrika Kusini Irma Stern alikwenda Zanzibar kuchora watu wa kisiwa hicho. Baadhi ya picha hizo alizitia fremu zilizotengenezwa kwa vipande vya nakshi za Kizanzibari. Moja, "Arab in Black", ilitolewa ili iuzwe kuchangia gharama za utetezi wa Nelson Mandela na wenzake katika kesi ya uhaini. Miongo mingi baadaye, mtaalamu wa kampuni ya mnada ya Bonhams aliikuta katika jiko la nyumba moja London ikitumika kama ubao wa matangazo, imebandikwa barua, kadi na bili. Mwaka 2015 iliuzwa kwa pauni 842,500, zaidi ya Sh2.5 bilioni.

Jina la mchoraji peke yake lingeiuza. Lakini kule kujulikana ilipita mikono ipi, na kwa sababu gani, kuliwapa wanunuzi uhakika kwamba ni yenyewe.

Upande wa Kenya, picha moja ya kamera ilifanya kazi kubwa zaidi. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa amesimama mbele ya vigango viwili, nguzo za kuchongwa alizozisimamisha kuwakumbuka ndugu zake waliofariki. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Miaka 14 ilipita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi, mtafiti huyo aliona picha ya kigango kimoja kikiwa katika jumba la makumbusho la Illinois, Marekani; cha pili kikagundulika katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Ile picha ya mwaka 1985 ndiyo iliyothibitisha ni vya nani, na kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudishwa kwa familia.

Familia hiyo haikuvitafuta ili ipate fedha. Kwa Wamijikenda, kigango ni makazi ya roho ya marehemu, na kukiondoa mahali pake ni kuleta balaa. Kuna thamani ambayo hakuna dalali anayeweza kuiandika kwenye karatasi, na familia ina haki ya kuiweka mbele ya bei.

Kisafishwe kwanza? Hapana

Kosa linalofanywa kwa nia njema kuliko yote ni kusafisha. Ndugu anachukua msasa anakisugua kinyago kipendeze, anakipaka vanishi, au anaifuta picha kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Kwa vitu vya zamani, ule weusi wa mikono, moshi na miaka ni sehemu ya ushahidi wa umri. Ukiondoka haurudi, na bei huondoka nao.

Vumbi lifutwe taratibu kwa brashi laini, basi. Picha isiachwe mahali jua linapoipiga wala juu ya jiko. Kinyago chenye matundu mapya na unga wa mbao chini yake kina wadudu. Kitengwe na vingine, na ushauri uombwe kabla ya kupulizia dawa. Kipande kilichomeguka kitunzwe ndani ya bahasha, kisigandishwe kwa gundi ya dukani.

Kipo kisheria?

Swali hili huachwa mwisho, ilhali linaweza kumpeleka mtu pabaya.

Vitu vya pembe za ndovu, viwe bangili, sanamu au nakshi kwenye sanduku, havipaswi kuzungushwa mitaani kutafutiwa bei. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inahesabu kuwa na nyara za Serikali bila kibali kuwa kosa kubwa, na kurithi si kibali. Familia inayokuta kitu cha namna hiyo iende kwa mamlaka za wanyamapori au kwa wakili kwanza.

Milango ya nakshi nayo ina ulinzi wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja waziwazi milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Kuisafirisha nje ya Tanzania Bara kunahitaji kibali. Mnunuzi anayesema "ondoa hofu, kontena langu halikaguliwi" anamwingiza muuzaji katika kosa.

Zaidi ya hayo, kitu kilichoibwa hakisafishiki kwa kupita mikono mingi. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam na kuiba vitu kadhaa, kikiwamo kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilinunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Baada ya miaka mingi ya mazungumzo, kilirejeshwa Tanzania mwaka 2010. Kitu chenye namba ndogo iliyoandikwa kwa wino chini ya kitako huenda kiliwahi kuwa katika makumbusho. Hiyo ni sababu ya kuuliza, si ya kufuta namba.

Nani aulizwe?

Kanuni moja ikishikwa, nusu ya hasara inaepukika: anayetaja bei asiwe ndiye anayenunua. Mnunuzi anayefika nyumbani, akakunja uso, akasema "hiki ni cha zamani lakini hakina soko, nitawasaidia tu," anafanya biashara yake. Hana wajibu wa kuwalinda wauzaji.

Makumbusho ya Taifa na Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam wana watu wanaoweza kueleza kitu ni cha jamii gani na kilitumika vipi. Makumbusho kwa kawaida hayatoi bei, lakini kujua kitu ni nini ni zaidi ya nusu ya safari. Wachoraji wakongwe wa ushirika wa Tingatinga wanaitambua mikono ya wenzao kama mtu anavyoutambua mwandiko wa ndugu yake. Kwa Zanzibar na Kenya, taasisi za makumbusho za huko ndizo pa kuanzia.

Kuhusu bei, soko la Afrika Mashariki limeanza kuonekana waziwazi. Tangu mwaka 2013, Circle Art Agency ya Nairobi imekuwa ikiendesha minada ya sanaa ya ukanda huu, na kazi za Watanzania huuzwa humo. Matokeo ya minada, hapo na London, huwekwa mtandaoni, hivyo familia inaweza kuona kazi inayofanana na yao iliuzwa kwa kiasi gani. Kampuni kubwa za mnada pia hupokea picha kwa barua pepe na kutoa makadirio ya awali, kwa kawaida bila malipo.

Makadirio hayo yasomwe kwa tahadhari. Bei ya bima huwa juu kuliko ile muuzaji atakayoipata mkononi. Bei ya mnada hukatwa kamisheni, usafiri na wakati mwingine kodi. Na makadirio si ahadi: kinyago cha Wafang kilitarajiwa kuuzwa kwa kati ya euro 300,000 na 400,000 tu kabla wanunuzi hawajashindana. Kinyume chake pia hutokea, mnada ukafungwa na hakuna aliyenyoosha mkono.

Kazi ya Jumapili moja

Hakuna kati ya hayo kinachohitaji kusubiri msiba. Familia inaweza kuvitoa vitu hivyo nje mchana mmoja, ikavipiga picha kwa simu mbele, nyuma na chini ya kitako, ikapima urefu na upana, na kuandika katika daftari kila kitu kinachojulikana: jina la mchongaji kama lipo, mwaka, mahali, na nani alikileta. Risiti na picha za zamani ziwekwe pamoja na daftari hilo, na nakala moja ibaki kwa ndugu mwingine.

Kilicho muhimu zaidi ni kumuuliza mzee aliyebaki. Yule shangazi wa Masasi anayekumbuka kwamba kinyago kilitolewa na mjomba aliyekuwa mkuu wa ngoma, au baba mdogo aliyemsindikiza marehemu Morogoro Stores siku ile, ana habari ambazo maabara haiwezi kuzitoa. Maelezo yake yarekodiwe kwa sauti kwenye simu, kwa jina lake na tarehe.

Baada ya hapo familia ikiamua kuuza, itauza ikijua inachokiuza. Ikiamua kukiacha ukutani, au kukirudisha kijijini kilikotoka, itakuwa imeamua kwa macho makavu. Na ikigundulika ni kinyago cha kawaida cha Mwenge kilichonunuliwa kwa bei ya kawaida, hakuna kilichopotea: mezani kitabaki pale kilipokuwa, na watoto sasa watajua nani alikileta nyumbani.